Kabla ya kutoka na baiskeli Ireland, uliza upepo

Kila ikifika Machi naulizwa maswali yale yale na ndugu waliohamia Ireland karibuni kwa kazi au masomo. Wamewaona watu wa makamo, wamevaa nguo za kubana, wakipita kwa makundi Jumamosi asubuhi, na wao wametamani. Ninunue baiskeli gani? Na hiyo mvua mnaifanyaje? Nitajibu, ila kwa mpangilio wangu, kwa sababu baiskeli ni jambo dogo na mvua ni dogo zaidi. Kitakachokutesa hapa ni upepo.

Tumalizane na mvua kwanza. Dublin hupata takriban milimita 750 kwa mwaka, pungufu kuliko Dar es Salaam, ambako hupita 1,000. Aprili na Mei ni miongoni mwa miezi mikavu. Mtu aliyekulia kwenye masika hawezi kuogopa manyunyu haya. Tofauti ni kwamba Dar ukilowa unakauka kabla hujafika nyumbani. Hapa unalowa kukiwa na nyuzi 8, unaendelea kupigwa na upepo kwa saa mbili, na kabla hujajua, vidole vimeshindwa kubana breki. Kwa hiyo lengo si kubaki mkavu, maana hutabaki. Lengo ni kubaki na joto ukiwa umelowa.

Sasa upepo. Wenzetu wa Pwani wanajua kwamba chombo haking'oi nanga kabla nahodha hajauliza upepo, na baiskeli hapa ni hivyo hivyo. Ila kusi na kaskazi huwa na adabu, unajua miezi yake. Wa Ireland unaweza kugeuka ukiwa katikati ya safari. Mara nyingi unavuma kutoka kusini-magharibi, una unyevu na hauna baridi kali. Mawingu ya mvua yakishapita unageukia kaskazini-magharibi, anga inang'aa, unaona milima ya mbali kama uko karibu nayo, na joto linashuka ghafla. Mgeni akiona jua hilo hufungua zipu. Mwenyeji huifunga.

Kanuni ni moja na haina ubishi: toka ukikabili upepo, rudi ukisukumwa. Nguvu unazo mwanzoni, tumia hapo. Jumamosi iliyopita Met Éireann, idara yao ya hali ya hewa, ilitabiri upepo wa kusini-magharibi wa kilomita 30 kwa saa. Tukatoka Dublin kupitia Tallaght, Brittas hadi Blessington, upepo usoni njia nzima. Hata penye tambarare tulikuwa tunakokota kilomita 20 kwa saa na hakuna aliyekuwa na hamu ya mazungumzo. Tulipokata kushoto pale Hollywood (kijiji kidogo cha Wicklow, jimbo la milima kusini mwa Dublin, usitarajie waigizaji) kuifuata barabara ya R756, kelele za masikioni zikakatika. Ndivyo unavyojua kwamba upepo umehamia mgongoni, unaanza kusikia cheni yako na pumzi za mwenzako. Tukapanda Wicklow Gap, mita 478, kwa raha ambayo mlima ule hautoi kila siku, tukashuka hadi Laragh kunywa chai, kisha Roundwood, Enniskerry, nyumbani. Zaidi ya kilomita 100. Njia hiyo hiyo ukiizunguka kinyume siku kama ile, pale Wicklow Gap ungeshuka baiskeli ukaisukuma.

Upepo wa mashariki ni shida nyingine, na majira ya kuchipua ndiyo wakati wake. Unakuja na anga ya buluu na barabara kavu, picha zake zinapendeza kweli kweli, lakini umepita juu ya Bahari ya Ireland ambayo mwezi wa Machi bado ni baridi kama ilivyokuwa kipupwe. Dublin iko ukingoni mwa bahari hiyo, kwa hiyo huwezi kwenda mashariki kwanza ili urudi ukisukumwa, utaishia majini pale Howth, rasi iliyo mashariki mwa jiji. Siku hiyo mimi hufupisha safari. Au nakwenda kaskazini kwa njia ndogo za ndani, zile zilizozungushiwa ua wa miti pande zote mbili. Ua huo unakata upepo sana. Angalia tu pale penye geti la shamba: ua unakatika, upepo unakupiga ubavuni mara moja, na baiskeli inasogea upande bila ruhusa yako. Shika usukani kwa mikono miwili kila unapoona geti.

Kiwango changu ni hiki, kila mtu na chake. Utabiri wa upepo wa hadi kilomita 20 kwa saa, nenda unakotaka. Ukiwa 30, panga njia vizuri. Ukisikia mapigo ya ghafla ya upepo yanayofika 60, achana na milima. Tahadhari za Met Éireann ni za njano, chungwa na nyekundu. Kwa njano bado utawaona wabishi barabarani, lakini mwenye miezi miwili ya kuendesha asiwafuate. Tarehe 24 Januari 2025 dhoruba Éowyn ilivunja rekodi ya nchi kwa pigo la upepo la kilomita 184 kwa saa huko Mace Head, pwani ya magharibi, na baada ya dhoruba za aina hiyo vijia vya mashambani hubaki na matawi na magogo kwa muda mrefu. Kona usiyoiona mwisho wake, ishuke polepole.

Mavazi. Hapa ndipo wageni wanapopoteza pesa, kwa kununua jaketi moja nene. Jaketi nene linakutoa jasho ukipanda, na jasho hilo linakuwa barafu ukishuka. Vaa tabaka nyembamba unazoweza kuzitoa ukiwa bado unakanyaga: fulana ya ndani ya sufu nyepesi, jezi, mikono ya kuvuta juu na chini, kizibao cha kuzuia upepo kinachokunjika hadi kuenea mfukoni, na jaketi la mvua jembamba. Ukitoka mlangoni unapaswa kusikia baridi kidogo. Ukijisikia vizuri kabisa pale mlangoni, umevaa kupita kiasi.

Kipimo halisi ni mteremko. Kutoka Dublin hadi Sally Gap, njiapanda iliyo juu ya milima ya Wicklow, unapanda karibu mita 500, na joto hupungua kama nyuzi 3. Barabara yenyewe, R115, ni ile ya kijeshi waliyojenga Waingereza baada ya uasi wa 1798 ili wawasake waasi milimani, na inapita kwenye tope jeusi la mboji lisilo na mti wala ua. Mwezi uliopita tulifika njiapanda ya juu kukiwa na jua. Dakika kumi baadaye, tukiwa kwenye R759 tunaelekea Lough Tay, ikashuka mvua ya mawe, punje ndogo ngumu zinazopenya matundu ya kofia na kukugonga kichwani. Dada mmoja wa kundi letu, muuguzi kutoka Mombasa, alikuwa amekuja na glavu za ziada ndani ya mfuko wa plastiki. Alisimama, akavua zilizolowa, akavaa kavu, akatupita wote. Sisi wengine tulikuwa tunabadilisha gia kwa kusukuma kiganja kizima kwa sababu vidole havikuwa na habari. Glavu za pili zina uzito wa karatasi. Zibebe hadi Mei.

Pancha nazo zina msimu wake, na hili hakuna aliyeniambia nilipofika. Sheria ya wanyamapori ya Ireland inakataza kukata ua wa miti mashambani kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, ili ndege wazae kwa amani. Kwa hiyo Februari ikikaribia kwisha, kila mkulima aliyechelewa anatoka na trekta lake la kufyeka, na barabara zinajaa vijiti vyenye miiba. Miiba ya mti wanaouita blackthorn ni mirefu, migumu, na inavunjikia ndani ya tairi. Kubadilisha tyubu bila kuutafuta mwiba ni kujitengenezea pancha ya pili. Toa tairi, pitisha kitambaa ndani pole pole (usipitishe kidole kitupu), uung'oe. Beba tyubu mbili. Tairi la milimita 28 lililopunguzwa upepo kidogo linashika vizuri zaidi kwenye lami yao yenye kokoto kuliko lile jembamba lililojazwa hadi kugonga kama mbao. Mti huo huo, ukitaka kuusamehe, unachanua maua meupe Machi kabla hata haujatoa jani.

Halafu kuna kichaka cha njano, gorse, kinachofunika vilima vya Howth na Wicklow. Kikipigwa na jua la Aprili kinanukia nazi. Nazi kabisa. Mara ya kwanza utageuka kutafuta anayepika wali.

Mengine ya barabarani ni haya. Wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hapo huna la kujifunza. Tangu tarehe 7 Februari 2025 kikomo cha mwendo kwenye njia ndogo za vijijini kimeshushwa kutoka 80 hadi 60 kwa saa, ingawa wapo madereva ambao habari hiyo haijawafikia. Dereva wa kijijini akikupisha, inua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, naye atainua chake, hiyo ndiyo salamu. Kondoo wa milimani na wanakondoo wao wa majira haya hawana breki wala nia: mama akiwa upande mmoja na mtoto upande wa pili, jua mmoja wao atavuka. Tope la matrekta likilowa linateleza kama sabuni. Taa ya mbele nyeupe na ya nyuma nyekundu ni lazima kisheria giza likiingia. Mimi naziwasha hata mchana, kwa sababu kijivu cha huku kinakumeza. Kofia ngumu sheria haikulazimishi, lakini matembezi mengi ya vilabu hawatakuruhusu bila hiyo. Na mjini Dublin ziogope reli za tramu ya Luas. Gurudumu likiingia kwenye mfereji ule umeanguka, hasa chuma kikiwa kimelowa. Zivuke kwa kuzikata, karibu na pembe mraba, na usipige breki juu yake.

Baiskeli yenyewe: kama umeajiriwa, muulize mwajiri kama ana mpango wa Bike to Work, ulioanza 2009. Anainunua yeye, nawe unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Kikomo ni euro 1,250 kwa baiskeli ya kawaida, mara moja kila miaka minne, na kofia, taa, pampu na kufuli vinaingia humo humo. Kwa sababu ya hiyo miaka minne, usikimbilie. Nunua yenye breki za diski, maana zile za kubana rimu zinachelewa kushika mvua ikinyesha, na hakikisha ina nafasi ya madigadi marefu. Madigadi si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya yule aliye nyuma yako, ambaye bila hayo atakunywa maji ya barabarani kilomita 80. Yapo makundi ambayo hadi Aprili asiye na madigadi hukaa mwisho wa mstari, na ni haki.

Kuhusu kuingia kwenye kundi, watu ni wakarimu kuliko sura zao za saa tatu asubuhi. Saa tatu ni saa tatu, hawangoji. Onyesha shimo kwa mkono, usipige breki ghafla, na ukichoka sema mapema kabla hujaachwa. Wazee watakusimulia Stephen Roche, aliyeshinda Giro (mbio za Italia), Tour de France na ubingwa wa dunia mwaka mmoja, 1987, na bingwa mwingine wao, Sean Kelly wa Carrick-on-Suir. Wewe nawe unayo ya kusema: Chris Froome, bingwa wa Tour de France, alizaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah huko Kikuyu. Mazungumzo yatakwenda hadi chai. Chai yenyewe wanayojivunia, majani yake mengi yanatoka Kenya, usisahau kuwakumbusha. Ila mkikaa zaidi ya nusu saa mwili unapoa, na kilomita ya kwanza baada ya hapo ndiyo ya baridi kuliko zote. Vaa jaketi ukiwa bado ndani ya mkahawa, si nje.

Ukirudi, kabla ya kuoga mwenyewe, mwagia baiskeli maji na ufute cheni kwa kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta kwa kila kiungo. Hadi Aprili barabara huwa na mabaki ya chumvi waliyomwaga kuyeyusha barafu, na cheni iliyoachwa usiku mmoja asubuhi inakuwa na kutu. Viatu vijaze magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Usiviweke juu ya hita, gundi ya soli inaachia.