Mbaazi Nazichemsha Jumapili

Juzi usiku wa manane dada mmoja kaniandikia: miezi minne hajaona siku zake, kaambiwa homoni na sukari vinahusiana, sasa ale nini asubuhi? Nimeisoma meseji yake mara tatu. Miaka miwili nyuma swali hilo nililiuliza mimi, nikajibiwa "punguza mwili kwanza," akaitwa mgonjwa mwingine.

Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Staftahi yetu mnaijua: mahamri matatu, mbaazi za kuchovyea tu, chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari. Ikifika saa nne mikono inatetemeka, natafuta soda. Nilipopimwa sukari ya damu kabla ya kula nikakutwa na 6.4 (mmol/L). Haijafika 7.0 ya kuitwa kisukari, lakini salama nimeshaipita. Kwenye ovari, yanakotoka mayai ya uzazi, vikaonekana vifuko vidogo vidogo. Muuguzi mmoja, Mungu ampe heri, ndiye aliyekaa akanieleza: mwili usipoisikia insulini, homoni ya kushusha sukari, vizuri huimwaga kwa wingi, na insulini ikizidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, nazo huvuruga siku. Kumbe zile ndevu nilizokuwa nazing'oa kwa kibanio zilikuwa na sababu! Na kuna ndugu wa upande wa mume aliyewahi kusema mbele ya sinia la pilau, shughulini, kwamba tumbo langu linajua kula tu. Sijasahau.

Basi nikageuza sahani. Mbaazi ndiyo ikawa chakula, hamri likawa moja, tena la mwisho, baada ya yai na mboga. Ukitanguliza protini na majani, sukari haipandi kwa kishindo.

Jumamosi usiku naloweka. Jumapili nachemsha sufuria zima mpaka zipasuke, kwa chumvi na bizari, bila tui. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: tui halikai, umeme ukikatika kidogo tu limechacha. Nagawa vikopo vitano, viwili kwenye friji, vitatu friza. Asubuhi nabandika kikopo kimoja, natia tui kidogo na pilipili mbichi nzima, nakoroga bila kuacha lisikatike, likianza kutokota naipua. Mayai nayachemsha siku hiyohiyo ya Jumapili, yanakaa kwenye friji na maganda yake. Mchicha unakaangwa palepale. Uji wa unga laini wenye sukari nimeuacha, hata ukiitwa wa lishe; kwangu ulikuwa unapandisha haraka kama chai.

Wiki iliyopita nimepima 5.4. Siku zangu zimekuja mwezi wa tatu mfululizo. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kazini. Dawa niliyoandikiwa bado nameza, na wewe usiache yako kwa sababu ya mbaazi zangu.

Ila dada zangu, tuambiane ukweli. Mnaamka saa kumi na moja kuwapikia watu wote, halafu nyie mnameza chapati ya jana mmesimama mlangoni. Mwili unahesabu! Mume atakula, watoto watakula, na wewe kaa chini ule. Wasemao kwenye sinia la pilau hawatakuja kukushika mkono maabara.

Wewe uliyeniandikia: Jumamosi hii loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu. Vinakutosha mpaka Ijumaa. Nazi kuna asubuhi, usiikune mapema.