Wateja wapo, mbona kampuni haikui?

Ndugu uliyeuliza kwa nini kampuni nyingi za Mombasa zina wateja wa kutosha na bado hukaa miaka kumi na ukubwa ule ule, nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa sababu nami niliwahi kuamini kwamba faida ikionekana benki itakuja yenyewe.

Nilifungua karakana ya samani mwaka 2009, na baada ya muda oda za mahoteli zikanizidi nguvu, nikahitaji mashine za kukata na kuranda mbao. Afisa wa mikopo alizipitia hesabu zangu, akazisifu, kisha akaomba hati ya ardhi. Nilichokuwa nacho ni nyumba ya urithi katika mtaa wa Majengo, na wenyeji mnayajua mambo yetu: nyumba ni yetu, ardhi ni ya mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa kila mwezi. Nyumba ile hukaliwa na wapangaji na mnunuzi hakosekani, lakini haina hati ambayo benki ingeiandikia rehani, kwa hiyo mbele ya mkopeshaji nilikuwa mtu wa mikono mitupu. Jirani yangu wa karakana, ambaye vitabu vyake vilikuwa na matobo kuliko chandarua cha zamani, alipewa mkopo kwa sababu babake alikuwa na hati ya shamba. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba fedha huenda kwa mwenye mali ambayo sheria inaweza kuishika, hata kama mwenzake ndiye mwenye faida.

Mwaka 2016 Bunge lilipoweka kikomo cha riba, yaani asilimia nne juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu, nilishangilia. Kumbe benki iliyokatazwa kutoza kulingana na hatari huona afadhali kuikopesha Serikali, ambayo haimtoroki mtu, kuliko seremala asiye na hati. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019, na wadogo kama mimi tulikuwa tumeshaumia.

Kilichonisaidia hakikutangazwa sana: sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika. Kwa sheria hiyo mashine, bidhaa za ghalani, hata ankara ambazo mteja hajazilipa, huandikwa katika rejesta moja ambayo mkopeshaji yeyote anaweza kuikagua, ajue kama mali hiyo imeshawekwa dhamana kwingine. Mashine yangu ya kuranda ilinunuliwa kwa mkopo ambao dhamana yake ni mashine yenyewe.

Ankara, hata hivyo, zina thamani kadiri mahakama inavyoweza kumlipisha mdaiwa. Hoteli moja ilinikalia na deni, na kesi ikaahirishwa mara nyingi hata wakili akawa ananidai kuliko nilivyokuwa nadai. Siku hizi deni lisilozidi shilingi milioni moja hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria imeitaka iamue ndani ya siku 60. Najua wengi humu mnaona sheria inayomrahisishia mdai kukamata mali ni ya kumkandamiza mkopaji. Mimi naona kinyume chake: mkopeshaji asiyekuwa na hakika ya kurudishiwa chake kwa mashine au ankara atarudi kwenye hati ya ardhi, na sisi wa nyumba za Majengo tutabaki nje.

Kwa hiyo, kabla hujaenda benki, orodhesha mashine zako pamoja na risiti za kununulia, na kila oda ya hoteli idai kwa maandishi yenye sahihi. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikitafuta risiti.