Jibu: Rangi za kuigia Kitabu cha Kells kupasuka, na buluu yake

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi ya unga uliyochanganya na yai kuigia kurasa za Kitabu cha Kells, kitabu cha kale cha Injili kilichoandikwa na kupambwa kwa mkono, inapasuka ikikauka, na kama ni lazima ununue lapis lazuli, jiwe linalosagwa kuwa rangi ya buluu.

Inapasuka kwa sababu gundi, yaani yai linaloshika unga wa rangi, imezidi au umepaka nene. Piga ute mtupu wa yai, bila kiini, mpaka povu lisimame, uache usiku kucha, kisha chukua maji yaliyotuama chini, ndiyo gundi yako, povu litupe. Saga unga wa rangi kwa maji kwanza, juu ya kioo, mpaka usisikie chembe, ndipo uongeze gundi kidogo kidogo. Paka kipande cha majaribio, kikauke, upitishe kidole: ukitoka unga, gundi haitoshi, ikimeta na kumeguka, punguza. Tone la asali huipa ulaini. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Lapis achana nayo. Vitabu vingi vya zamani kuhusu Kells viliitaja kuwa ndiyo buluu yake, lakini vipimo vya maabara kwenye Kells (kilitengenezwa mnamo mwaka 800, sasa kipo Trinity College, Dublin) na kwenye Injili za Lindisfarne, kitabu kingine cha aina hiyo cha Uingereza, vilikuta nili, buluu itokanayo na mimea. Bei ya nili ni nafuu mno.

Njano ing'aayo ya vitabu hivyo ina aseniki, ni sumu. Tumia udongo wa njano, hata kama umefifia kidogo. Kijani cha kutu ya shaba nacho kiache: hula ngozi ya ndama iliyoandikiwa vitabu hivyo, na karatasi pia.