Korosho changa kudondoka: kagua wadudu wafyonzaji (mbu) kabla ya kuongeza salfa

Habari mkuu. Umesema mikorosho yako hapo Bagamoyo inakauka ncha za machipukizi, korosho changa zinapata madoa meusi na kudondoka, na salfa umepuliza mara mbili bila nafuu. Salfa ni dawa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoacha vumbi jeupe kwenye maua. Kwako nashuku mbu, yaani wadudu wanaofyonza utomvu wa mmea (si mbu wa malaria), na kwa hao salfa ni kupoteza hela.

Kesho alfajiri kagua machipukizi laini. Vidonda vyeusi virefu virefu ni kazi ya mbu wa mikorosho. Korosho changa zikiwa na mabaka yaliyobonyea, mshuku mbu wa minazi, hasa kama kuna minazi jirani.

Kilichoniokoa mimi huku Muheza ni majimoto, sisimizi wa mitini wanaounganisha majani kuwa viota na kuwawinda mbu hawa. Miti yenye viota vyao ilibaki kijani, ya pembeni ikaungua. Nikahamisha viota jioni kwa mfuko, nikafunga kamba kati ya miti wapite. Chukua viota vya kundi moja tu, makundi tofauti huuana! Sisimizi wa kahawia wanaojaa chini ya shina nao huwafukuza majimoto. Na tafadhali, penye majimoto usipulize sumu ya wadudu.

Bila picha siwezi kusema ni mbu yupi. Tuma ya chipukizi na ya korosho changa.