Darubini Juu, Saiti za Chuma Chini: Maswali Yenu

Haya jamani, tangu niseme bunduki ya porini iwe na darubini na saiti za chuma pia (vile vilengeo viwili vya juu ya mtutu, cha nyuma na nguzo ya mbele), simu yangu haijapumzika. Nimechagua machache, mengine mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti.

*Afande, kuna pete za kufungia darubini kwa bunduki, zenye tundu chini, unachungulia saiti za chuma bila kutoa darubini. Ninunue? Niko Kiruhura.*

Sebo, hifadhi hela yako. Ndio, tundu linafanya kazi, unaona saiti, lakini angalia linachokunyang'anya. Darubini ya kawaida inakaa kama sentimita 4 juu ya mstari wa mtutu, hizo pete zinaipandisha mpaka 5 na nusu au 6, kwa hiyo shavu linaacha kitako, unabaki umeegemeza kidevu kwa mbao kama mtu anachungulia juu ya ukuta wa jirani. Kichwa kinaelea. Mimi nilifunga pete hizo kwa bunduki ya .375, risasi kubwa inayorusha nyuma kwa nguvu, nikiwa bado kijana mjuaji, siku ya kwanza uwanja wa shabaha nikapiga risasi tano zikatawanyika kama maharage yamemwagika, na ile ya tano ukingo wa darubini ukanipasua nyusi kwa sababu kichwa kilikuwa kimejongea mbele bila mimi kujua (jicho linatakiwa kukaa nyuma ya lensi kama sentimita 8 mpaka 10). Alama ipo mpaka leo, wajukuu wanaambiana ni fisi na mimi sijawasahihisha.

Alafu shabaha ya karibu ndo shida zaidi, maana darubini iko juu sana ya mtutu. Ukiweka ziro mita 100, yaani umerekebisha risasi igonge pale unapolenga kwa umbali huo, ukalenga kitu mita 10 mbele, risasi inapita chini karibu sentimita 5.

Tafuta pete fupi zenye leva, zile unafungua kwa mkono darubini inatoka, saiti zinabaki wazi. Kabla hujaondoka nazo zijaribu: piga tatu, toa darubini, irudishe, piga tatu tena karatasi ileile mita 100. Kundi la pili likihama zaidi ya sentimita 3, rudisha dukani.

*Nikiangalia kwa darubini ya 4x, inayokuza mara nne, naona kivuli cha saiti ya mbele pale chini. Itaharibu shabaha? Kitgum.*

Haiharibu, ni ukungu tu. Darubini inaangalia mbali, na ile nguzo iko hapo pua na mdomo, haiwezi kuonekana vizuri. Kama unataka zote mbili kwa jicho moja kwa wakati mmoja, hiyo ni kazi ya kioo cha nukta nyekundu kisichokuza kitu, kile unaona nukta na saiti ya chuma vyote ndani ya kioo. Kwa darubini inayokuza, sahau.

*Mzee, mbona Dragunov, ile bunduki ya Kirusi ya walenga shabaha, ina darubini na saiti bado zinatumika, AK yetu hapana?*

Kwa sababu ile darubini yake, PSO-1, imeshikwa na mkono unaotoka ubavu wa kushoto, inapita juu na kuacha nafasi chini. Na hata pale bado kichwa kinapanda, ndo maana kitako chake kina kipande cha shavu cha kuweka na kutoa. AK zingine zina raili ya ubavuni, kile chuma cha kushikia mkono huo, zingine hazina. Isipokuwepo, usije ukafunga darubini kwa kile kifuniko cha juu, kinacheza. Na kama bunduki ni ya kazini, mpelekee armara, fundi wa silaha, bisibisi rudisha mfukoni.

*AK inapiga chini na kushoto. Nisogeze wapi?*

Saiti ya mbele inafuata risasi. Zinaenda chini, shusha nguzo, zinaenda kushoto, isukume kushoto. Pole pole lakini, maana kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele ni milimita 378 tu, ukikosea milimita 1 pale, mita 100 mbele umekosea sentimita 26.

*Si Karamojo Bell, yule mwindaji wa zamani, alimaliza tembo Karamoja kwa saiti za chuma? Darubini ni za waoga.*

Hahaha. Ndio, huyo mzungu alipiga tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa .275 Rigby, risasi ndogo. Lakini alisogea karibu sana, alijua ubongo wa tembo umekaa wapi, na macho yake hayakuwa haya yangu. Kwa saiti za chuma jicho linagombana na vitu vitatu, nyuma, mbele na mnyama, na linaweza kuona kimoja tu vizuri. Umri ukienda, nguzo ya mbele inageuka moshi. Darubini inaweka alama na mnyama pamoja. Sasa nyati akitoka kichakani hatua kumi, 4x inakuonyesha manyoya tupu, hujui ni bega au tumbo, hapo nami namrudia Bell na saiti zake za chuma.

*Nianze ziro gani?*

Saiti za chuma kwanza, darubini ikiwa mezani, mita 50. Zikikaa sawa, funga darubini, nenda mita 100. Risasi ziwe za boksi lile lile, ukibadilisha aina unaanza upya zote mbili, na najua zilivyo ghali.