Kabla ya kubomoa jengo kongwe la serikali, panda darini

Jengo la zamani la serikali likianza kudondosha plasta barabarani, mabishano huwa yale yale. Huyu anataka libomolewe lipandishwe ghorofa la kisasa, yule anasema historia haibomolewi. Nimesimamia ukarabati Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mara nyingi nakuta wote wawili hawajapanda darini.

Anzia huko, tena siku ya mvua. Majengo yetu haya ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta ni mnene na mvumilivu. Adui ni maji. Paa linavuja, mfereji umeziba majani, maji yanashuka ndani ya ukuta mpaka pale ncha ya boriti ilipochomekwa. Ncha inaoza, na mzigo uliokuwa juu yake unatafuta pengine pa kukaa. Ukiwa chini huoni chochote ila ufa, nawe unauziba.

Hapo methali ya ufa na ukuta inatuponza, maana wengi huziba kwa saruji. Chokaa hupumua, unyevu ulioingia ukatoka. Saruji huufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na baada ya masika kadhaa plasta ile nzuri inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Nimeona ofisi iliyopigwa saruji na rangi ya mafuta kwa ajili ya sherehe ikaharibika kuliko jirani yake ambayo haikuguswa. Mkandarasi akikuletea makadirio, tafuta kwanza chokaa imeandikwa wapi. Kama haimo, muulize fundi wake wa chokaa ni nani. Akianza kucheka, tafuta mwingine.

Si majengo yote ni boriti tupu. Boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba vingi vya mji ni vyembamba. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ilitumia nguzo za chuma kupata kumbi pana na baraza ndefu. Baadaye ikawa ofisi za serikali wakati wa Waingereza, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ikaporomoka na watu wawili wakafa. Kwa hiyo nawaambia wakubwa wa ofisi: jengo likishachoka, kulitengeneza nako ni hatari. Hamisheni watu na mafaili, liegemezwe, kisha ndipo nyundo ya kwanza ipigwe. (Mafaili hasa! Makabati ya chuma yaliyojaa karatasi ghorofa ya juu yana uzito ambao hakuna aliyeupangia.)

Je, kilichoanguka kijengwe upya? Kwangu ndiyo, maadamu kuta nyingi bado zimesimama. Wapo watakaosema sehemu mpya ni ya kuigiza. Lakini mnara wa saa tuliouzoea pale Ajaib haukuwa sehemu ya jumba la 1883. Uliunganishwa nalo baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuuharibu mnara uliokuwa mbele yake.

Mimi si mtu wa kulinda kila tofali. Vyoo vya zege vilivyobandikwa nyuma miaka ya karibuni, nondo zimevimba kwa kutu na zege linapasuka, bomoa bila kuomboleza. Ukuta mkuu uliopinda na kuachana na sakafu, mwite mhandisi aliyewahi kushika matumbawe. Anayejua zege tu atakwambia ubomoe, kwa sababu hesabu zake ni za zege.

Na mtu akikwambia jipya ni rahisi, mwongezee kwenye hesabu yake gharama ya kubomoa, kifusi kutolewa kwa mikokoteni kwenye vichochoro ambavyo lori halipiti, na kodi ya ofisi za muda mpaka ujenzi uishe. Halafu muulize fungu la matengenezo la kila mwaka ni kiasi gani. Ofisi isiyoweza kumlipa mtu mwenye ngazi azibue mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli, hata ghorofa jipya italivujisha.