Deki ya Commander: ongeza ardhi kwanza
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini deki yako (fungu lako la kadi) ya Commander, mtindo mmoja wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, inakwama kila mkicheza pale chuoni UDOM, Dodoma. Kadi za ardhi ndizo zinazokupa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine, na 30 kwenye kadi 100 ni chache mno! Weka 37, kisha kadi kama 10 za kukuongezea mana mapema. Kadi ya Sol Ring isikosekane: unailipia mana moja tu, halafu kila zamu inakupa mbili. Nyingine 10 ziwe za kuvuta kadi. Usihangaike kuagiza kadi za bei mbaya kutoka nje. Kila mchezaji anaanza na uhai 40 na mezani mko wanne, mchezo unachukua muda, kwa hiyo hata joka la mana 7 utalishusha. Ukipita Area D jioni, njoo nayo tuipange upya.